Moyo hupasuka mgonjwa akidhani amepona

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanalijua tundu la moyo kwa upande mmoja tu. Mtoto anazaliwa nalo, anahema kwa shida akinyonya, haongezeki uzito, kisha anaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ndiyo maana baba mmoja wa hapa Nyegezi alishangaa alipoambiwa kwamba mama yake mzazi, mwenye miaka sitini na kitu, ana tundu kwenye moyo. Aliniuliza swali ambalo hata wewe ungeliuliza: "Daktari, mama kazaa watoto saba, kabeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni maisha yake yote. Hilo tundu lilikuwa wapi siku zote hizo?"

Halikuwapo. Lilikuwa na umri wa siku moja.

Nimebadilisha mambo kadhaa ya mama huyo ili asitambulike, lakini mtiririko wake ni ule ule. Usiku wa Jumapili alipata maumivu sehemu ya juu ya tumbo, karibu na chembe ya moyo. Akatapika mara moja na kuloa jasho. Ana kisukari cha muda mrefu, na kisukari huharibu neva zinazopeleka taarifa za maumivu, kwa hiyo hayakuwa maumivu ya kumtoa mtu kelele. Asubuhi familia ilikwenda duka la dawa, ikapewa omeprazoli ya vidonda vya tumbo na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Jumatatu jioni alikuwa na nafuu. Jumanne alikunywa uji na kuwaulizia wateja wake. Jumatano alfajiri alikurupuka usingizini akitafuta hewa, mikono ya baridi, akakaa dirishani akikataa kulala chini.

Hospitali kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha shambulio la moyo ambalo lilikuwa limeshatokea siku kadhaa nyuma. Daktari aliyemsikiliza kifuani alisikia mvumo mkali wa damu inayopita mahali isipostahili kupita. Picha ya moyo, ile tunayoiita eko, ikaonyesha kuwa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo ulikuwa umechanika. Mama yule hakuifikia Ijumaa.

Ndugu msomaji, nakuomba uelewe kilichotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukariri kanuni.

Moyo ni msuli, na msuli huo una mishipa yake yenyewe inayoulisha. Mshipa mmoja ukizibwa na bonge la damu, sehemu inayoutegemea inaanza kufa katika muda usiofika hata saa moja, na kadiri saa zinavyopita ndivyo kipande kinachokufa kinavyozidi kuwa kikubwa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Wengi wanalijua hadi hapo. Wasichoambiwa ni kinachofuata. Mwili hauachi nyama mfu ikae tu. Chembe nyeupe za damu huingia kuisafisha, na wakati kazi hiyo inaendelea ukuta wa moyo mahali pale unakuwa laini kama tofali bichi lililonyeshewa. Kovu gumu la kuziba pengo huchukua wiki sita hivi au zaidi kukomaa. Kabla ya hapo, na hasa ndani ya wiki ya kwanza, moyo unaendelea kupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kila pigo linausukuma ukuta ule uliolowa. Kwa mtu mwenye presha isiyotibiwa, unasukumwa kwa nguvu zaidi.

Ukuta ukishindwa, unaweza kuchanika sehemu tatu. Ya kwanza ni ule ukuta wa katikati, kama kwa mama yule. Damu iliyopaswa kwenda mwilini inarudi mapafuni, mapafu yanajaa maji, na figo zinakosa damu. Ya pili ni vishina vya msuli vinavyoshikilia kamba za vali. Vali ya moyo hushikiliwa na kamba nyembamba kama tanga la mtumbwi linavyoshikiliwa na kamba zake. Kishina kikikatika, tanga linapepea ovyo na damu inarudi nyuma kila moyo unapopiga. Hapa linashangaza jambo moja: shambulio lenyewe linaweza kuwa dogo tu, ila limeangukia mahali pabaya. Kishina cha nyuma mara nyingi hulishwa na mshipa mmoja pekee, wakati mwenzake wa mbele hulishwa na miwili, kwa hiyo cha nyuma ndicho kinachokatika zaidi. Ya tatu ni ukuta wa nje. Damu inamwagika kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuubana, na mara nyingi mtu anafariki dakika chache baadaye, nyumbani au njiani. Vifo vya namna hii ndivyo tunavyovielezea msibani kwa kusema "alikuwa ameshapata nafuu, jana tu alikula vizuri."

Mtu aliyesoma vitabu ataniambia kwamba matatizo haya ni nadra. Ni kweli, lakini tuulizane ni nadra kwa nani.

Kabla ya kuwapo tiba za kuzibua mishipa, vitabu vilikadiria kuwa kati ya wagonjwa 100 wa shambulio la moyo, mmoja hadi watatu walichanika ukuta wa katikati. Katika miaka ya 1990 utafiti mkubwa wa kimataifa uliwafuatilia wagonjwa 41,021 waliopewa dawa za kuyeyusha bonge la damu mapema. Waliopata tundu hilo walikuwa 84 tu, yaani wawili hivi katika kila 1,000. Tofauti hiyo kubwa ilitokana na mshipa kufunguliwa kabla msuli haujafa wote. Miaka ya Uviko-19 nayo ilituonyesha upande wa pili: hospitali za nchi kadhaa tajiri ziliripoti kuwaona tena wagonjwa waliochanika moyo, watu walioogopa kwenda hospitali wakakaa na maumivu nyumbani.

Sasa tujitazame. Watafiti waliwachunguza watu 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi katika idara ya dharura ya hospitali kubwa ya kaskazini mwa Tanzania, na matokeo yakachapishwa 2020. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Kati ya hao 152, waliopewa aspirini katika idara ile hawakufika robo. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu hakuwapo hata mmoja. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wamefariki.

Kwa hiyo neno "nadra" lililoandikwa kwenye vitabu vipya si letu bado. Ni la mtu anayezibuliwa mshipa saa chache baada ya maumivu kuanza. Mgonjwa wetu anayemeza omeprazoli hadi Jumatano anaishi katika takwimu za bibi zetu. Tofauti ni kwamba wakati wa bibi zetu presha na kisukari havikuwa vimeenea mitaani kama leo.

Sina ugomvi na wauza dawa. Wengi wao wanafanya kazi ya kusaidia mtaa mzima kwa kiti kimoja na kabati moja. Lakini kuna mambo mawili ninayoyataka yakome. La kwanza ni kumwita kila mwenye maumivu ya chembe ya moyo kuwa ana vidonda vya tumbo au gesi bila kumuuliza umri, kisukari, presha na sigara. Mtu wa zaidi ya miaka 40, anayetoka jasho la baridi na maumivu ambayo hajawahi kuyapata, si wa duka la dawa. Mwelekezeni hospitali muda ule ule. La pili ni hii diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni. Kwa mtu ambaye moyo wake umeshambuliwa, dawa za jamii hiyo zinazuia maji na chumvi kutoka mwilini, zinapandisha presha, na zinaingilia uponaji wa lile kovu. Miongozo ya tiba ya moyo inazikataza katika kipindi hicho, na kupasuka kwa moyo ni moja ya sababu zinazotajwa. Aspirini kwa kiwango cha moyo ni habari nyingine kabisa, hiyo inahitajika.

Nije kwa familia. Kuna siku moja wodini ninayoiogopa kuliko ile ambayo mgonjwa analetwa akilia. Ni siku ya tatu. Maumivu yameisha, mgonjwa anacheka na wageni, bili inaongezeka, na mtoto mkubwa wa kiume anakuja kuniambia, "Daktari, tunashukuru, tunaomba tumtoe, anataka kwenda kupumzika kijijini." Namwelewa. Wengine wameshauza ng'ombe. Lakini siku ya tatu hadi ya tano ndiyo siku ukuta wa moyo ni laini kuliko siku zote, hasa kwa mgonjwa ambaye mshipa wake haukuzibuliwa. Kumpandisha basi pale stendi ya Nyegezi siku hiyo, akae saa nyingi mbali na mtu wa kumsikiliza moyo, ni kumpeleka pasipo na msaada katika siku anazouhitaji zaidi. Mnaotaka kumwombea, mwombeeni akiwa kitandani. Wodi zina nafasi kwa mchungaji na kwa shehe.

Nawakumbusha pia kuhusu akina mama. Wazee, wanawake, wenye presha, na wale ambao hili ndilo shambulio lao la kwanza bila kuwahi kubanwa kifua huko nyuma ndio wanaopasuka moyo zaidi. Hilo la mwisho linawachanganya watu. Anayebanwa kifua kwa miaka anapopanda mlima, mwili wake umepata muda wa kuotesha mishipa midogo ya mchepuko, kama barabara za vumbi tunazopita barabara kuu inapofungwa. Asiyewahi kuumwa hana mchepuko. Njia ikifungwa imefungwa. Kwa hiyo "mama hajawahi kuugua moyo" si sentensi ya kujifariji usiku huo. Na mama ndiye anayechelewa kufikishwa, kwa sababu anasema tumbo, anasema mgongo, anasema uchovu, na anataka kwanza watoto wale.

Je, tundu likishatokea, linazibika? Linazibika. Mwaka 1956 daktari wa upasuaji Denton Cooley wa Texas, Marekani, alikuwa wa kwanza kulifunga, kwa mgonjwa aliyekuwa ameishi nalo kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo kovu lilikuwa limeshakomaa kiasi cha kushika uzi. Kitendawili cha madaktari wa upasuaji kipo hapo hapo hadi leo: ukishona mapema, uzi unakata nyama laini kama unashona ugali, ukisubiri kovu, wagonjwa wengi wanafariki wakiwa kwenye foleni ya kusubiri. Katika utafiti ule wa watu 41,021, waliochanika na kufanyiwa upasuaji walifariki karibu nusu ndani ya mwezi mmoja, na huko ni kwenye hospitali zenye kila kitu. Ambao hawakufanyiwa, walifariki zaidi ya tisa katika kila kumi. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa kwa barabara, na mgonjwa mwenye presha iliyoporomoka hasafirishwi kama gunia la sangara wakavu.

Ndiyo maana, na najua baadhi ya wenzangu wa upasuaji hawatafurahi, mimi shilingi ya kwanza ya moyo Kanda ya Ziwa nisingeiweka kwenye chumba kingine cha upasuaji. Ningeiweka kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo katika kila kituo cha afya, karatasi zake zisiishe, na muuguzi mmoja kwa kila zamu anayejua kubandika waya na kuituma picha kwa bingwa kwa simu. Halafu dawa ya kuyeyusha bonge iwepo hospitali za wilaya na mkoa, na watu waliofunzwa kuitoa, maana ina hatari ya kuvujisha damu na baada ya saa 12 faida yake huwa imepungua sana. Chumba cha upasuaji kinamwokoa mmoja aliyechanika. Mashine ile inawazuia kadhaa wasifikie kuchanika.

Usafiri tunao pa kuanzia. Mfumo wa M-Mama ulijaribiwa huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuenea nchini. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa kupitia simu. Umewekwa kwa ajili ya uzazi, na kwa uzazi umefanya kazi ya kutukuka. Maoni yangu ni kwamba Wizara ifikirie kuupanua ili mtu mwenye maumivu ya kifua naye apate dereva usiku wa manane. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeshatuondolea saa za kusubiri kivuko kwa watu wa Sengerema na Geita. Itakuwa ajabu tukivuka maji kwa dakika chache halafu tukakwama nyumbani kwa kukosa gari. Watu wa Ukerewe, Kome na Maisome bado wana ziwa mbele yao, na mpango wao lazima uwe na boti. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 itakapotekelezwa kikamilifu, nitapenda kuona kama yule mtoto mkubwa wa kiume anaacha kuja kwangu siku ya tatu.

Hayo ni ya wakubwa. Usiku wa leo wewe fanya haya. Mtu akibanwa kifua, au chembe ya moyo, au taya na mkono, kwa zaidi ya dakika 15, na ana jasho, kichefuchefu au pumzi fupi, usingoje kukuche. Angalia saa na uiandike, kwa sababu swali la kwanza la daktari ni maumivu yalianza lini. Tafuta gari au bajaji. Asitembee kwa miguu wala asibebwe peke yake kwenye bodaboda, akizimia ataanguka. Kama hana mzio wa aspirini, hatapiki damu na hatoi choo cheusi, atafune vidonge vinne vya miligramu 75. Beba dawa zake zote kwenye mfuko. Ukifika, omba kwa adabu lakini bila aibu kipimo cha umeme wa moyo. Kikiwa kizuri na maumivu yanaendelea, kirudiwe, maana cha kwanza kinaweza kudanganya.

Na kama mgonjwa wako ameshatoka hospitali baada ya shambulio, kwa wiki mbili za mwanzo alale chumba ambacho yupo mtu wa kumsikia. Akianza ghafla kukosa pumzi, akashindwa kulala chali, akawa wa baridi na jasho, akazimia, mkojo ukapungua sana, au maumivu yakarudi, mrudishe saa hiyo hiyo, hata kama kadi yake inasema kliniki ni mwezi ujao. Mwambie anayempokea maneno haya: "Alipata shambulio la moyo siku kadhaa zilizopita, msikilizeni moyo na mpimeni eko."

Wanaouliza kuhusu kazi: kutembea polepole uani ni vizuri mara daktari akiruhusu, na hakuna haja ya kumfanya mtu awe mgonjwa wa kitanda mwezi mzima. Ndoo ya maji, gunia, kusukuma mtumbwi na kulima vingoje kovu likomae, na daktari apime kwanza. Akipata choo kigumu apewe dawa ya kulainisha, maana kujikamua huipandisha presha ghafla. Dawa za presha asiziache siku hata moja kwa sababu anajisikia vizuri.

Yule baba aliniuliza pia kama watoto wake warithi wa tundu hilo wapimwe. Tundu la aina hii halirithiwi, kwa hiyo watoto hawahitaji eko kwa sababu yake. Presha na kisukari ndivyo vinavyotembea katika koo, na hivyo yeye mwenyewe na ndugu zake sita walipaswa kupima. Watano wameshapima. Wawili wana presha na hawakuwa wanajua.